Dolly Parton hakukataa kwao

Msomaji, kuna methali ambayo watu wa mashambani hutuwekea akiba sisi tunaoishi mjini. Mkataa kwao mtumwa. Ubaya wake ni kwamba haina jibu. Ukifika nyumbani Desemba ukiendesha gari, watu watanong'onezana kwamba umekuja kujionyesha. Ukifika kwa basi la usiku, mikono mitupu, utaambiwa mji umekumeza. Na ukinunua ploti Kitengela kabla ya kuezeka upya nyumba ya babako, basi kesi imekwisha, hata wakili usimtafute.

Leo ningependa tuipime methali hiyo kwa kitu ambacho pengine hukukitarajia: santuri moja iliyotolewa Marekani mnamo Oktoba 1977. Iliimbwa na Dolly Parton na jina lake ni Here You Come Again. Najua baadhi yenu vijana mtakunja nyuso, mseme kantri ni muziki wa wazee wenye makoti mazito na redio za betri. Nivumilieni kidogo. Mashtaka yaliyomkabili mama huyo wakati huo ndiyo hayo hayo yako na yangu, ila yake yalisikizwa mbele ya nchi nzima.

Kwanza tujuane naye. Dolly Parton alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika wilaya ya Sevier, kwenye milima ya mashariki mwa jimbo la Tennessee. Alikuwa mtoto wa nne katika familia ya watoto 12. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba daktari aliyemzalisha mamake alilipwa kwa gunia la unga wa mahindi. Hapo msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa umaskini huo ni wa aina gani. Babake alikuwa mchapa kazi asiyejua kusoma wala kuandika. Mnamo 1964, siku moja tu baada ya kuhitimu shule ya upili, binti huyo alipanda basi kuelekea Nashville, mji ambao ndio makao ya muziki wa kantri, akatafute maisha.

Alipata. Mwaka wa 1967 aliajiriwa katika kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, mwimbaji aliyevuma sana siku hizo, akakaa naye kwa miaka saba. Alipotaka kujitegemea, Porter hakufurahi hata kidogo. Dolly akamtungia wimbo wa kumuaga. Wimbo huo, I Will Always Love You, wengi wenu mnaudhania kuwa wa Whitney Houston kwa sababu ya filamu ya The Bodyguard ya 1992, nanyi huuchezesha arusini ijapokuwa ni wimbo wa kuachana. Sijui maharusi wetu huwa wanafikiria nini.

Sasa elewa jambo moja kuhusu biashara ya muziki ya Wamarekani. Wao walikuwa na orodha mbalimbali za nyimbo zinazotamba: moja ya kantri peke yake, na nyingine kubwa ya muziki wa aina zote. Jolene, wimbo ambao hata mtoto wa Nairobi anaufahamu, uliongoza orodha ya kantri mnamo 1974. Katika orodha ile kubwa ulikomea nambari 60. Yaani ndani ya boma la kwao Dolly alikuwa malkia, lakini nje ya ua ni wachache waliomjali. Na kwa mtu ambaye angali analisha wadogo zake, boma lisilo na pesa halitoshi.

Hata hivyo, wakati aliochagua kuruka ua huo ulikuwa mbaya. Ua lenyewe lilikuwa linawekwa miiba.

Mnamo 1974 Chama cha Muziki wa Kantri, CMA, kilimpa Olivia Newton-John tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Olivia alikuwa amezaliwa Uingereza na kulelewa Australia, na sauti yake laini haikuwa na vumbi la Tennessee hata chembe. Wakongwe wa Nashville walighadhabika. Wakakutana nyumbani kwa George Jones na mkewe Tammy Wynette, wakaunda chama chao cha kuulinda muziki wa jadi dhidi ya hawa wageni wa popu. Mwaka uliofuata, 1975, Charlie Rich alisimama jukwaani kutangaza mshindi mkuu wa CMA. Alipoona jina kwenye bahasha ni la John Denver, alitoa kiberiti chake cha gesi akaiwasha karatasi hiyo moto watu wakitazama.

Na sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonifanya niipende hadithi hii. Miongoni mwa wanamuziki waliojiunga na kile chama cha kulinda ua alikuwemo Dolly Parton mwenyewe. Naam. Na wakati huo huo mdogo wake, Stella Parton, naye mwimbaji, alitoa wimbo wa kumtetea Olivia dhidi ya waliomtukana. Nyumba moja, mama mmoja, na dada wawili katika pande mbili za ua. Kama huna jambo la namna hiyo katika ukoo wenu, basi ukoo wenu ni mdogo sana.

Miaka mitatu baadaye Dolly aliyekuwa upande wa walinzi akawa ndiye anayetafuta pa kutokea. Alikuwa amebadilisha meneja, akachukua mtu wa Los Angeles. Mapema 1977 alijaribu kutoa albamu aliyoitengeneza mwenyewe, New Harvest...First Gathering, akidhani ndiyo itakayomvusha. Haikumvusha alivyotaka. Ndipo akamkubali mtayarishaji wa muziki aitwaye Gary Klein, wakaenda kurekodi California badala ya Nashville, tena na wapiga ala wa huko. Kati ya nyimbo kumi za albamu hiyo, Dolly alitunga nne pekee. Kwa mtu aliyezoea kutunga nyimbo zake, hilo si dogo. Wimbo uliobeba jina la albamu uliandikwa na Barry Mann na mkewe Cynthia Weil, watunzi waliokulia New York, ambao muziki wa milimani waliujua kwa kuusikia tu kama wewe na mimi.

Dolly aliusikia wimbo huo akaingiwa na hofu. Ulikuwa mtamu, ulikuwa wa kuuzika, na ulikuwa wa popu mtupu: piano inayorukaruka, mahadhi yanayopanda ngazi kila ubeti. Alijua wazi majirani watasema nini. Basi akamwendea Klein akamsihi aongeze kitu kimoja. Alitaka gitaa la chuma, lile linalolazwa kama meza na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, likilia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Hilo ndilo linalomwambia Mmarekani kwamba hapa ni kantri. Dolly alitaka lisikike waziwazi ili mtu yeyote akija kumshtaki kwamba si kantri, aweze kumwonyesha: si lile pale? Klein akamwita mpigaji hodari, Al Perkins, likawekwa.

Nimeutafakari uamuzi huo mara nyingi. Kuna watakaosema ni ujanja wa kibiashara, kama mwanasiasa anayevaa ngozi ya chui akienda kuomba kura kijijini. Mimi sioni hivyo. Mwanasiasa huvaa ngozi ili apewe kitu. Dolly tayari alikuwa na wimbo ambao ungeuzwa bila gitaa hilo. Huenda mtayarishaji angeona ungeuzwa vizuri zaidi bila hilo. Alichokuwa akiogopa ni kule kufika nyumbani na kuulizwa. Hiyo ni hofu ya mtoto, si ya mfanyabiashara.

Matokeo yake yanajulikana. Wimbo ulikaa kileleni mwa orodha ya kantri kwa majuma matano, na Januari 1978 ukafika nambari 3 katika orodha kubwa. Albamu iliongoza orodha ya kantri, ikawa ya kwanza ya Dolly kuuza nakala milioni moja. Mnamo 1978 CMA ikamtawaza mtumbuizaji bora wa mwaka, na 1979 akapokea tuzo ya Grammy ya mwimbaji bora wa kike wa kantri. Tazama vizuri hizo tuzo mbili. Si za popu. Ni wale wale wenye ua waliompa.

Lakini manung'uniko hayakukosekana. Mashabiki wa zamani na baadhi ya wachambuzi walisema ameuza urithi wake kwa Hollywood, ameubadili mlima kwa taa za jiji. Jibu lake likawa fupi, na limekumbukwa tangu wakati huo: kwamba haiachi kantri, bali anakwenda nayo.

Tusiwafanyie mzaha waliolalamika, hata hivyo. Hofu yao ilikuwa na mizizi. Redio zikianza kuchezesha vinanda laini tu, mpiga fidla wa Nashville hulala njaa, na kijana wa milimani huanza kuionea haya lafudhi ya mamake. Tumeyaona hapa kwetu. Ni ngoma ngapi ambazo leo hupigwa tu siku ya sherehe za taifa, mbele ya wageni wa heshima? Mlinzi wa ua si mjinga. Kosa lake ni kuchunguza mavazi ya anayetoka badala ya kuangalia alichobeba.

Na mimi nina langu dhidi ya albamu hii. Mojawapo ya nyimbo alizotunga Dolly ni Two Doors Down, kisa cha mtu aliyekaa peke yake akilia ilhali kuna sherehe inaendelea nyumba ya pili. Mwimbaji mwingine wa kantri, Zella Lehr, aliurekodi ukatamba. Basi kampuni ya RCA ikamrekodisha Dolly upya kwa mtindo wa popu zaidi, kisha ikaiondoa rekodi ya kwanza katika nakala zilizofuata za albamu na kuiweka hiyo mpya. Rekodi ya pili inachezeka, sikatai, nayo ilifika nambari 19 katika orodha kubwa. Lakini ile ya kwanza ilikuwa na upweke ambao hii imeupaka rangi. Hapo nadhani walalamishi walikuwa na hoja, na ajabu ni kwamba walilalamikia zaidi wimbo ule wenye gitaa.

Ukitaka kujua kama Dolly alikuwa amesahau alikotoka, usihangaike na wimbo maarufu. Nenda kwenye ule uitwao Me and Little Andy. Huo aliutunga mwenyewe. Unasimulia kuhusu msichana mdogo anayebisha mlango usiku wa baridi akiwa na mtoto wa mbwa, akiomba pa kulala. Babake ni mlevi, mamake ametoweka. Dolly anaigiza sauti ya mtoto huyo, na mwisho wa kisa ni wa huzuni sana. Wapo wasiouvumilia, wanasema umezidi kulia, na kwamba sauti ya kitoto inachusha. Huenda ni kweli. Lakini hebu fikiria: mwanamke yuko studio za California, amelipiwa wapiga ala ghali, amepewa nafasi ya kuimba mapenzi ya mjini, naye anachomeka katikati ya albamu hiyo hiyo hadithi ya kusikitisha ya aina waliyokuwa wakiimbiana watu wa milimani karibu na moto kwa vizazi vingi. Hakuna meneja wa Los Angeles aliyemwomba aiweke. Hiyo ni simanzi ya kwao, imesafiri ndani ya sanduku.

Pengine utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Kantri ilifika hapa kabla ya wengi wetu. Mnamo 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akarekodi wasichana wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina hilo si jingine ila Jimmie Rodgers, Mmarekani anayeitwa baba wa muziki wa kantri, aliyefariki 1933. Sauti yake ilikuwa imewafikia kwa gramafoni, wakamfanya wao. Na miaka ya karibuni Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis, amejaza watu katika kumbi za Nairobi akiimba kantri bila kuomba ruhusa ya mtu wa Tennessee. Nani hapo amekataa kwao? Otieno? Wasichana wa Kapkatet? Au Jimmie Rodgers, kwa kuacha sauti yake izurure mpaka Kericho?

Nitakupa kisa kimoja cha nyumbani kwangu, halafu nirudi kwa Dolly. Desemba moja tulifika kwetu mashambani na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alimsalimia kwa lugha yetu. Mtoto akamwamkia kwa Kiswahili, tena kwa adabu zote. Shangazi hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi akasema, "Mwanangu, umetuletea wageni." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikujibu pia, kwa kuwa yule ni shangazi.

Usiku, stima zilikuwa zimepotea kama kawaida. Wanawake walikuwa jikoni wakipukuchua mahindi, mtoto amekaa katikati yao na mwana wa binamu yangu mapajani, ambaye alikuwa akilia kwa usingizi. Binti yangu akaanza kumwimbia. Aliimba bembelezi niliyomwimbia yeye chumba kimoja Umoja kabla hajajua kutembea, ambayo nami niliimbiwa na nyanya, yaani mamake shangazi huyo huyo. Maneno mengine aliyatamka vibaya. Mengine nadhani hakuyajua maana. Lakini mahadhi yalikuwa sawasawa. Shangazi hakusema kitu. Alimrekebisha neno moja tu, kisha akaendelea kupukuchua.

Sisemi kwamba bembelezi moja inatosha. Mtoto anahitaji lugha nzima, na hilo ni deni ambalo sisi wazazi wa mjini tunalilipa polepole mno. Nasema tu kwamba shangazi alikuwa amempima mtoto kwa salamu, na salamu haikuwa mahali penyewe pa kupimia.

Kuhusu Dolly, leo ni rahisi kumwachilia huru kwa sababu tunajua aliyoyafanya baadaye. Mwaka wa 1986 alifungua bustani ya burudani, Dollywood, huko huko wilaya ya Sevier, ikawapa kazi maelfu ya watu wa kwao. Mnamo 1995, akiwa na babake akilini, alianzisha mpango wa kuwatumia watoto wadogo wa wilaya hiyo kitabu kila mwezi bila malipo. Umesambaa hadi nchi nyingine na kugawa zaidi ya vitabu milioni 200. Moto ulipoteketeza nyumba za watu milimani mwaka wa 2016, kila familia iliyopoteza makao ilitumiwa dola 1,000 kwa mwezi kupitia kwake. Na mnamo 1999 alitoa albamu ya muziki wa kale wa milimani, The Grass Is Blue, usio na popu hata kidogo, akashinda Grammy nyingine. Alitania kwamba ilimbidi awe tajiri kwanza ndipo aweze kuimba kama maskini.

Lakini mimi sipendi kumtetea kwa njia hiyo. Wangapi kati yetu tutajenga Dollywood? Ikiwa ni lazima mtu agawe vitabu milioni 200 ndipo aitwe mtoto wa nyumbani, basi sote tumekwisha. Mnamo 1977 hakukuwa na bustani wala vitabu. Kulikuwa na mwanamke wa miaka 31, nyimbo kumi, na gitaa moja aliloliombea nafasi. Ushahidi uliokuwepo ni huo tu, na mtu aliyetaka kumwelewa angeweza kumwelewa kwa huo huo.

Ikiwa utaitafuta albamu hiyo, anza na wimbo wa kwanza, ule maarufu, na usisikilize piano. Ngoja gitaa la chuma. Liko nyuma kidogo, halijisukumi mbele, lakini ukishalipata huwezi tena kulikosa. Kisha ruka mpaka kwa msichana na mbwa wake. Two Doors Down utakayoipata itategemea nakala uliyonayo. Ukikuta ile ya kwanza, msomaji, usiiazime mtu.